Kamba Isiyovuta

Masomo: Wagalatia 6:1–5, Marko 10:46–52

Ninyi mlio nyumbani mkinywa chai ya asubuhi, mlio safarini, mlio wagonjwa vitandani, nanyi walinzi wa usiku mnaomngoja mwenzenu aje awapokee zamu, nawaamkia nyote kutoka hapa Nakuru. Leo nataka tuzungumze juu ya watu wawili na kipande cha kamba.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kufundishwa habari za mbio. Ukisafiri alfajiri kuelekea Molo au Eldama Ravine utawakuta vijana barabarani katika baridi ile, mmoja mbele, watano nyuma, pumzi zao zikitoka kama moshi. Paul Tergat, mwana wa Baringo, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2003, alitumia saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Aliyemaliza wa pili, sekunde moja tu nyuma yake, alikuwa Mkenya mwenzake Sammy Korir, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwawekea wengine mwendo. Sekunde moja! Jina la Tergat twalikumbuka. La Korir wengi wetu tumelisahau. Lakini hata hao wawili, mwisho wa yote, walishindana. Mimi nataka kuwaeleza habari za wawili ambao hawakuwa wakishindana.

Henry Wanyoike alizaliwa mwaka 1974 sehemu za Kikuyu. Alikuwa kijana mwenye mbio, naye alitumaini kufika mbali. Mwaka 1995 alilala mzima, akaamka hali macho yake yamekwisha kuharibika. Ilikuwa ni kiharusi. Mwanga mdogo uliosalia nao ukapotea baadaye.

Hebu litafakari jambo hilo, ndugu msikilizaji. Jana umevuka barabara peke yako. Leo waongozwa hata kwenda msalani. Wanyoike mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokata tamaa miaka ile. Katika hospitali ya Kikuyu, ile ya ndugu zetu wa PCEA yenye kitengo cha macho kinachojulikana nchi nzima, alikutana na watu waliomtia moyo. Akaenda Machakos, katika chuo cha ufundi cha wasioona, akajifunza kufuma sweta kwa mashine. Mimi nilisomea uchungaji Limuru, karibu kabisa na Kikuyu, na habari hizi nimezisikia zikisimuliwa mara nyingi. Karibu kila msimulizi huziruka sweta akakimbilia nishani. Mimi sizipendi nishani kuliko sweta. Mtu aliyepoteza macho yake, kabla ya kushangiliwa na ulimwengu, alihitaji kazi ya mikono yake.

Basi, mwaka 2000 akaenda Sydney, Australia, katika Olimpiki ya walemavu, akakimbia meta 5,000. Asiyeona hukimbia na mwongozaji mwenye macho, na kati yao pana kamba fupi. Karibu na mwisho mwongozaji wake akaishiwa nguvu. Wanyoike akamkokota mpaka wakavuka mstari, naye akapata dhahabu. Naam, mmesikia sawasawa: kipofu alimkokota mwenye macho.

Baadaye aliyeshika upande wa pili wa kamba alikuwa Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utoto. Mwaka 2004 walikwenda Athens, Ugiriki, wakarudi na ushindi wa meta 5,000 na wa meta 10,000. Mwezi wa Aprili mwaka 2005 Wanyoike akakimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 51. Juma moja tu baadaye akakimbia nyingine mjini Hamburg, Ujerumani, akapunguza zaidi ya dakika nzima: saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Marathoni ni kilomita 42 na meta 195. Kwa sisi wa hapa, ni kama kutoka Nakuru mjini, upite Lanet, upite Mbaruk, uliache ziwa Elementaita mkono wa kuume, na bado uendelee mpaka Gilgil. Sasa ifanye safari hiyo kwa miguu, kila kilomita kwa muda wa chini ya dakika nne, huku macho yako yamefungwa.

Ushindi huo haukuishia kwake. Marathoni ya Nairobi ilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi fedha zake zilikwenda katika mpango wa kutibu macho ya watu maskini. Wanyoike alikuwa balozi wa mpango huo. Tena akaanzisha shirika lake la kuwasaidia walemavu na wenye shida. Kukimbia kwa ajili ya wengine kumekuwa jambo la kawaida siku hizi. Mwaka 2014 mke wa Rais wetu wa wakati ule, Mama Margaret Kenyatta, alikimbia London yote, muda wa saa 7 na dakika 4, ili zipatikane zahanati za magari kwa ajili ya akina mama na watoto. Wako waliocheka ile saa ya saba. Mimi nasema, mtu ambaye hakuzaliwa mkimbiaji, akikaa barabarani saa saba kwa ajili ya mama mjamzito wa kijijini, huyo amekimbia.

Lakini turudi kwenye kamba, maana ndiyo iliyonileta mbele ya kinasa sauti.

Wengi wetu tukifikiria mwenye macho na kipofu wakikimbia pamoja, twafikiri kwamba mwenye macho huvuta. La hasha. Sheria za mbio hizo zakataza. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mwenzake, wala kumsukuma. Kamba hushikwa ikiwa imelegea. Kazi ya mwongozaji ni kwenda sambamba, kulinganisha hatua yake na ya mwenzake, mkono na mkono, na kusema: kona inakuja kushoto, hapa pana mteremko, meza ya maji i mbele yetu, wapo watu watatu mbele, tuwapite kwa kulia. Hapana budi awe na nguvu kumpita yule anayemwongoza, kwa sababu yeye hukimbia na kunena kwa pamoja. Na wanapofika mwisho, sheria yasema kipofu ndiye atangulie kuvuka mstari. Mwongozaji akivuka kwanza, ameharibu kazi yote.

Ndugu zangu, nilipoisoma sheria hiyo kwa mara ya kwanza niliikumbuka sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia. Kama una Biblia karibu, ifunue. Katika aya ya pili Mtume Paulo atuagiza tuchukuliane mizigo. Shuka aya tatu tu, ufike aya ya tano, nawe utakuta asema kwamba kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo cha theolojia hupenda kubishana hapo mpaka taa zizimwe. Je, Paulo amejisahau? Hapana. Katika Kiyunani maneno ni mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu mpaka aanguke. La pili ni mzigo wake mtu, kama ule ambao askari huufunga mgongoni mwake na hampi mwingine. Uzito twasaidiana. Furushi ni lake. Na waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili walifanya vyema kutofautisha mizigo na furushi. Laiti sisi wahubiri tungekuwa waangalifu kama wao.

Taabu ya ukarimu wetu mwingi ni kwamba twanyang'anya furushi. Nenda katika harambee. Mgonjwa huletwa mbele, akaketishwa kitini mbele ya watu wote, akatangazwa ugonjwa wake kwa kipaza sauti, na kila atoaye husomwa jina lake na kiasi chake. Fedha hupatikana, nami sizidharau. Fedha hizo zimeokoa maisha ya watu. Lakini yule kitini hakuulizwa neno hata moja. Bwana wetu alipokuwa akitoka Yeriko, Bartimayo akapaza sauti kando ya njia, na watu wakamkemea anyamaze. Yesu akasimama. Kisha akamwuliza yule kipofu anataka afanyiwe nini. Swali la ajabu! Nani asiyejua kipofu ataka nini? Hata hivyo Bwana aliuliza, akangoja jibu litoke kinywani mwa mwenyewe.

Sasa niwaeleze jambo lililotokea hapa kwetu Nakuru miaka kadhaa iliyopita. Sitataja majina.

Vijana wawili wa kanisa, mmoja mwalimu na mwingine mwendesha bodaboda, marafiki tangu darasa la kwanza, walikata shauri kwenda kukimbia katika marathoni ya Nairobi. Si kilomita 42. Walichagua zile 21, na kwa jinsi nilivyomwona yule wa bodaboda akihema katika mazoezi ya kupanda kuelekea Menengai, hata hizo nilizionea mashaka. Wakaomba ahadi kwa kila kilomita. Mmoja akaahidi shilingi kumi, mwingine hamsini. Mzee mmoja wa kanisa akaahidi jogoo kama watamaliza, na hakika alimleta. Fedha zilikuwa za kuwatibu wazee wa parishi yetu wenye mtoto wa jicho, na wa kwanza katika orodha alikuwa mama mmoja mjane, muuza mboga sokoni, ambaye macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe.

Walikimbia, wakamaliza. Kilomita ya kumi na sita yule wa bodaboda alitaka kuketi kando ya barabara, na mwalimu akatembea naye mpaka pumzi ikarudi. Hawakushikana mikono kama wale wawili wa marathoni ya kwanza ya London, mwaka 1981, Mmarekani na Mnorwe, waliokuwa mbele ya wote na wakaamua kuvuka mstari wameshikana mikono ili asiwepo mshindi peke yake. Hawa wetu walifika nyuma ya maelfu. Jumapili iliyofuata walisimama kanisani wakichechemea, fedha zikahesabiwa, zikatosha.

Mama akakataa kwenda hospitali.

Wengine walikasirika. Yule kijana wa bodaboda aliniuliza, "Pasta, kwani tulikimbia bure?" Wako walionong'ona kwamba mama ana ushirikina, au amezoea kuhurumiwa. Basi nikaenda kumwona nyumbani kwake jioni, nikampata ameketi na mwenzake, mama mwingine muuza mboga, ambaye meza zao sokoni zimepakana zaidi ya miaka ishirini. Nikauliza kwa upole kulikoni. Akanijibu, "Pasta, mimi sikatai kwenda. Nakataa kupelekwa. Wamekuja watu wa kamati, wamesema gari litakuja Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyeniuliza kama Jumanne nina mboga. Hakuna aliyeniambia jicho litafanywa nini. Nitaingizwa katika chumba nisichokijua, na watu nisiowajua sauti, kama gunia la viazi."

Yule mwenzake hakuwa amesema neno tangu nilipoingia. Sasa akanieleza kwamba tangu macho ya mama yalipoharibika, yeye ndiye aliyekuwa akimwambia noti iliyo mkononi mwake ni ya mia au ya mia mbili. Hakumshikia fedha. Alimwambia tu, na mama akazitia mwenyewe katika kibindo, akatoa chenji mwenyewe. Miezi yote hiyo wateja wengi hawakujua kwamba mama haoni.

Wapenzi wasikilizaji, kamba isiyovuta ilikuwa imekwisha kupatikana sokoni, na kamati haikuwa na habari.

Basi tukauliza maswali tuliyopaswa kuulizana mapema. Siku gani? Alhamisi, maana Jumatano mzigo wa sukumawiki hufika. Nani aende naye? Yule mwenzake. Na nani atauza mboga za wote wawili siku hizo? Hapo palikuwa na ukimya kidogo. Fedha za mbio zilikuwa za hospitali. Hakuna aliyefikiria kwamba rafiki akifunga meza yake, watoto wake nao watakosa. Wakaketi zamu binti wawili wa Umoja wa Vijana, wakauza mboga siku tatu, na niliambiwa kwamba walipunjwa sana na wateja. Kisha muuguzi mmoja mshirika wetu akaja akamweleza mama polepole: jicho lina kioo chake ndani, kile ndicho kilichoingia ukungu, daktari atakitoa, aweke kingine kidogo mahali pake, jicho litatiwa ganzi, hata saa nzima haipiti. Mama akauliza maswali mengi. Moja lilikuwa kama atasikia kisu. Jingine lilikuwa kama mwenzake ataruhusiwa kukaa mlangoni.

Alhamisi wakaenda, wamepanda matatu, hawakulitaka gari la kamati. Mama alitembea kwa miguu yake mpaka ndani, mkono umewekwa juu ya kiwiko cha rafiki. Watu wasioona wengi hupendelea hivyo: wao washike kiwiko chako, wala si wewe uwashike. Jaribu siku moja, utaona tofauti. Ukimshika, unampeleka. Akikushika, anakwenda nawe.

Jicho la kulia lilipona vizuri. La kushoto daktari alisema lilikuwa na ugonjwa mwingine nyuma ya ule ukungu, na halikurudi. Nalisema hilo kwa sababu redioni twapenda ushuhuda ulio kamili, na Mungu si lazima afanye kama redio itakavyo. Mama amerudi sokoni na jicho moja, naye anaona noti.

Nakuombeni basi, leo, kabla ya kupanga mchango wowote, mfikirie ni nani mtaani mwenu aliye na ukungu machoni, au kope zilizogeuka ndani kwa ugonjwa wa trakoma, ambao bado wawatesa ndugu zetu huko Baringo na sehemu nyingine za ukame. Nenda ukaketi naye. Muulize siku yake ni ipi. Muulize amzoea nani. Huenda fedha alikuwa nazo tangu zamani, akakosa kiwiko tu. Nabii Musa, aliyeongozwa na wingu la Mungu mwenyewe, bado alimsihi Hobabu Mmidiani asiwaache, awe macho yao jangwani. Habari hiyo mtaikuta katika Hesabu sura ya kumi. Hobabu kwanza alikataa. Musa hakumlazimisha, alimwomba tena.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyesimama njiani Yeriko kwa ajili ya sauti ya mtu mmoja, wakumbuke leo wanaongoja katika foleni za macho hapa Nakuru, Kikuyu na kila mahali. Wakumbuke wanaoketi mlangoni wakiwangoja, ambao majina yao hayasomwi. Wape madaktari mikono iliyotulia. Na yule ambaye leo ataambiwa kwamba jicho lake halitarudi, umpe wa kurudi naye nyumbani. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.